Programu ya kurekodia nyumbani: ipi umpe pesa zako

Ushauri mwingi wa mitandaoni kuhusu programu za kurekodi unamlenga mtengeneza biti. Mtu wa Lamu anayepiga udi jioni kwa kujifurahisha, akaimba mwenyewe na rafiki akashika dumbaki, ana mahitaji mengine. Anataka kuingiza sauti halisi kupitia maiki, traki (njia za sauti zinazorekodiwa kila moja peke yake) nne au sita, kisha aongeze sauti ya pili juu ya ile ya kwanza bila kuchelewa. Maktaba za ala za kompyuta, zinazopandisha bei na kujaza diski, hazimfai kitu. Orodha hii ni yake.

Ya kwanza ni Reaper. Faili la kupakua kwa Windows halifiki hata megabaiti 20, kwa hivyo bando dogo linatosha, na hata laptopu iliyochoka inaliendesha. Unaijaribu siku 60 bila kufungiwa chochote. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60, karibu shilingi 7,800 dola ikiwa 130, na hulipi kila mwezi. Aliyeianzisha ni Justin Frankel, yule yule aliyetuletea Winamp, programu ya kuchezea muziki kwenye kompyuta.

Sura yake ni kavu na menyu zake ni nyingi, sikufichi. Anza na mahali pawili tu. Kwenye mipangilio ya kifaa cha sauti, chagua draiva ya ASIO (programu inayopitisha sauti haraka kwenye Windows) ya kadi yako ya sauti ya nje, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, na bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukichakata, uiweke sampuli 128. Kwa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, hiyo bafa huchelewesha sauti kama milisekunde 3, ambazo mkono wa mpiga udi hauzihisi. Ukisikia mikwaruzo, panda hadi 256. Wakati wa kumiksi, yaani kuchanganya traki zilizokwisha kurekodiwa, hata 1,024 haina neno. Pa pili ni mpangilio wa kazi kujihifadhi yenyewe: uwashe, uweke kila dakika chache. Stima ikikatika na betri ni mbovu, utashukuru. Tenga nafasi ya diski pia, maana traki moja ya mono ya biti 24 kwa sampuli 48,000 hula karibu megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye traki sita unafika megabaiti 260, kabla hujarudia.

Ya pili ni GarageBand, lakini kwa aliye na Mac, iPhone au iPad tayari. Ni ya bure na inaeleweka upesi. Kununua Mac kwa ajili yake ni kuchoma pesa.

Audacity naiweka ya tatu. Ni ya bure, na kwa kusafisha qaswida uliyorekodi kwa simu au kukata mwanzo na mwisho inatosha kabisa. Kurekodi sauti moja juu ya nyingine inaweza, ila kurekebisha ule ucheleweshaji ni kazi ya kuchosha, na ukija kumiksi traki nyingi utaanza kuikimbia.

BandLab inafuata: bure, inakaa kwenye simu au kivinjari, na aliye Malindi anaweza kuongezea fidla kwenye kazi ya mwenzake wa Lamu. Inataka intaneti, basi.

FL Studio ni nzuri mno kwa biti, na apdeti zake ni za maisha. Ila angalia toleo: lile la bei ya chini, Fruity, kwa miaka mingi halikurekodi sauti ya maiki, basi hakikisha kabla ya kulipa. Wengi walilinunua, wakachomeka maiki, ndipo wakajua. Toleo la majaribio nalo halifungui tena kazi uliyoihifadhi. Pro Tools Intro ni ya bure na inakupa traki 8 za sauti. Kwa hobi, sioni sababu ya kuifuata.

Onyo moja linahusu zote. Virekebisha sauti vya kujiendesha, vile vinavyonyoosha noti za mwimbaji, vimezoea noti 12 kwa oktava. Ukimwekea mwimbaji wa maqamu ya bayati (mmoja wa mipangilio ya noti ya Kiarabu), ile noti ya robo toni inayoupa wimbo utamu wake itavutwa hadi noti ya jirani, na wimbo utachacha. Vizime. Mtu aliyeisikiliza sauti ya marehemu Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi wa taarabu, mzaliwa wa hapa hapa Lamu, ataigundua kasoro hiyo mara moja.

Na hakuna programu itakayomwondoa punda kwenye rekodi, wala mashine ya boti. Rekodi usiku, zima panka, tandaza mikeka na usimamishe magodoro ukutani, kwani kuta za mawe zilizopakwa chokaa hurudisha mwangwi. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, husaidia kuutawanya. Kama chumba chako kinazo, mwelekeze mwimbaji huko.

Kulipa si tabu: kadi ya M-Pesa GlobalPay hulipia tovuti za nje zinazokubali Visa. Ufunguo wa Reaper huja kwa baruapepe kama faili. Uweke kwenye flashi pia, maana ukibadilisha laptopu utauhitaji tena.