Kozi ya dini, migogoro na amani: wiki nane, na karatasi mbili zilizonibadilisha

Nimefundisha madrasa miaka 19, na miaka minne ya karibuni nimekuwa kwenye kamati ya usuluhishi ya dini mbalimbali. Tuko saba, mwanamke ni mimi peke yangu. Niliomba kujiunga na kozi hii baada ya kikao kimoja kunishinda. Waumini wa nyumba mbili za ibada walikuwa wanagombea njia ya kuingilia makaburini, vijana wa pande zote wameshashikana mashati, na mimi nimekaa katikati na aya zangu za amani. Kila niliyosoma walikuwa wanaijua. Kuna kijana aliimalizia aya kabla sijafika mwisho, kisha akageuka kuendelea na ugomvi wake.

Waendeshaji wa kozi siwataji kwa jina, maana nitakayoyalaumu nimeyakuta pia kwenye mafunzo mengine ya namna hii. Kozi yenyewe ni ya wiki 8, yote kwa mtandao. Kila wiki kuna mhadhara uliorekodiwa, kurasa za kusoma zipatazo thelathini, na kikao cha mubashara cha saa mbili. Kundi letu lilikuwa la watu 24: mapadri, wachungaji, mashehe, watawa wawili, mwanasheria, wafanyakazi wa mashirika ya misaada na vijana wachache waliomaliza chuo juzi juzi.

Wiki mbili za mwanzo ni za kupita tu. Kuna maelezo marefu ya vita vya Ulaya na mkataba wa Westphalia wa 1648, kisha michoro ya nadharia yenye mishale mingi. Vumilia, usikate tamaa hapo.

Kozi inaanza hasa wiki ya tatu, kwa Rwanda. Mhadhiri hakutuuliza ni dini gani ilipigana na dini gani, kwa sababu swali hilo halina jibu pale. Mwaka 1994, wengi wa waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa Wakristo, tena wa madhehebu yaleyale. Akatupeleka Nyange, kanisa ambalo Watutsi wasiopungua 1,500 walikimbilia wakiamini nyumba ya Mungu haiguswi, likaangushwa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wa parokia ile, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa miaka 15 mwaka 2006, na kwenye rufaa ya 2008 kifungo kikawa cha maisha. Nilisimamisha rekodi hapo, nikatoka nje, nikarudi baadaye. Kwa miaka yote nilikuwa nikiwaambia watu kwamba tukimjua Mungu vizuri zaidi hatutauana. Wale watu walikuwa wanaimba nyimbo zilezile kila Jumapili.

Na hapohapo ndipo penye lawama yangu kubwa. Kwenye slaidi ya mwisho ya mhadhara ule waliweka picha za mafuvu, bila kumtahadharisha mtu. Mshiriki mmoja kwenye kikao chetu alizima kamera, asiongee tena, na wiki iliyofuata hakuwepo. Niliwaandikia waendeshaji kuuliza kama kuna aliyempigia. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, likinishukuru kwa maoni yangu. Huwezi kufundisha watu kukaa na waliojeruhiwa, kisha aliyejeruhika mbele yako umwachie atoke peke yake. Hili walirekebishe kabla ya jambo lingine lolote.

Wiki ya nne ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Tuliambiwa kila mtu achukue karatasi na kalamu, aandike kwa mkono andiko moja kutoka kitabu chake mwenyewe ambalo wenye chuki hulitumia. La kwako, siyo la mwenzako. Kisha tukagawanywa wawili wawili kwenye vyumba vidogo vya Zoom. Mwenza wangu alikuwa mchungaji mtu mzima, sauti ya taratibu, miwani imekaa kwenye ncha ya pua.

Mimi niliandika aya ya 5 ya Sura ya Tawba, ile inayoamrisha kuuawa kwa washirikina. Yeye aliandika Samweli wa Kwanza 15:3, Sauli anapoagizwa kuwaangamiza Waamaleki, wanaume na wanawake, mpaka watoto wanyonyao. Alikuwa ameandika nyuma ya karatasi ya mahubiri, upande wa pili ulionekana kwa mbali dhidi ya mwanga wa dirisha. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kidogo alipoinua karatasi kwenye kamera, na mimi wangu ulikuwa mzito.

Akaniuliza: "Ustadha, aya hii ukiwasomesha watoto, unaishia wapi?"

Nikamwambia kweli: "Naishia hapohapo, Mchungaji. Siku ya pili naanza inayofuata."

"Inayofuata inasemaje?"

Nikamsomea. Kwamba mshirikina akikuomba hifadhi, mpe hifadhi mpaka asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha mfikishe mahali pake pa salama. Kuhifadhi hakukutosha, ni mpaka umfikishe. Ninaijua kwa moyo tangu nina miaka kumi, na sikuwahi kuziweka aya ya tano na ya sita katika pumzi moja mbele ya wanafunzi. Somo liligawanywa hivyo na walimu wangu, nami nikaligawanya hivyohivyo.

Nikamuuliza yeye je, analihubirije lake. Akanyamaza. Kisha akasema: "Mimi silihubiri kabisa. Miaka yote naliruka. Sasa najiuliza, aliyelihubiri wakati mimi nimeliruka alisema nini?"

Tulibaki tunatazamana mpaka muda wa chumba ukaisha. Mwezeshaji wetu wa mubashara, namsifu sana kwa hili, hakuturudisha kwa maneno ya kufariji. Aliuliza tu nani anataka kusema, na aliponyamaza kila mtu, naye akanyamaza nasi kwa dakika kama tatu. Nimekaa kwenye semina nyingi za dini mbalimbali ambamo kila mmoja anakuja na andiko lake zuri kuliko yote, tunapeana mikono, tunapiga picha. Hakuna hata moja iliyonitaka nije na lile linaloniogopesha. Kumbe yule kijana wa makaburini alikuwa amelishwa maandiko ya namna hiyo na mtu mwingine, kwa sababu sisi walimu wake tulikuwa tunayapita haraka.

Wiki ya tano ni Msumbiji, nayo imefundishwa vizuri. Jumuiya ya Sant'Egidio, walei Wakatoliki wenye makao yao Roma, haikuwa na jeshi wala fedha za kumtisha mtu. Katika wasuluhishi wanne walikuwemo Andrea Riccardi na padri Matteo Zuppi wa jumuiya hiyo, pamoja na Jaime Gonçalves, askofu mkuu wa Beira. Mazungumzo kati ya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo yalianza Julai 1990, yakachukua zaidi ya miaka miwili, mpaka Rais Chissano na Dhlakama, kiongozi wa Renamo, wakatia saini tarehe 4 Oktoba 1992. Mhadhiri alikaa sana kwenye taarifa ya kwanza kabisa ya pamoja. Hawakuanza na bunduki wala uchaguzi. Walianza kwa kukubali kwamba wote ni wa familia moja kubwa ya Wamsumbiji. Usuluhishi wote ukajengwa juu ya hilo.

Nilikwenda nalo kwenye kamati yetu wiki ileile. Badala ya kusoma aya, niliwauliza wazee wa pande zote mbili: ni nani amezikwa humo ambaye nyote mnamlilia? Walitaja wakunga wawili na mwalimu mmoja. Sitadanganya kwamba ugomvi umekwisha. Lakini wazee wawili, mmoja wa kila upande, wameshakwenda pamoja kuipima njia kwa kamba.

Wiki ya sita nilibishana nayo mwanzo mpaka mwisho. Mgeni mwalikwa kutoka upande wa wafadhili alirudia mara nyingi kwamba viongozi wa dini "watumike" kwenye mchakato wa amani. Kila aliposema, nilihisi tunazungumzwa kama ndoo za mchanga zilizowekwa pembeni kusubiri moto. Mfano aliouchagua yeye mwenyewe ulimpinga. Kule Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, Askofu Mkuu Nzapalainga wa Wakatoliki, Imamu Kobine Layama na Mchungaji Guérékoyame-Gbangou walikuwa wameshaanza kuzunguka pamoja kabla mauaji ya Desemba 2013 hayajaufika mji. Maisha ya imamu yalipokuwa hatarini, akahamia kuishi nyumbani kwa askofu mkuu. Mlango ule haukufunguliwa na mradi wa mtu. Na James Wuye na Muhammad Ashafa wa Kaduna, Nigeria, mchungaji aliyepoteza mkono na imamu aliyepoteza mwalimu wake na jamaa zake katika machafuko ya 1992, ilikuwaje? Walikutana 1995, na Wuye mwenyewe amekiri hadharani kwamba chuki ilichukua miaka kumtoka, hata wakiwa tayari wanafanya kazi pamoja. Mradi wa miezi kumi na minane hauwezi kuvumilia miaka hiyo. Niliyasema haya kwenye kikao. Mgeni alisikiliza kwa heshima, ila muda ulikuwa umekwisha.

Wanawake, sasa. Wamewekwa kwenye "usomaji wa ziada". Leymah Gbowee na wenzake, Wakristo na Waislamu waliovaa nyeupe Monrovia mwaka 2003 kuwashinikiza wanaume wamalize vita ya Liberia, wana kurasa mbili. Dekha Ibrahim Abdi na akina mama wa Wajir, Kenya, walioanza na ugomvi wa sokoni miaka ya tisini wakafika mpaka kwa wazee wa koo na azimio la amani la 1993, wana ukurasa mmoja. Na Wajir ingefaa kukaa sambamba na Rwanda: koo zilizokuwa zinauana zote ni za Waislamu. Wanawake wale hawakuwa na kilemba wala joho, kwa hiyo kwenye mchoro wa "wadau wa kidini" hawaonekani. Nami sionekani. Nililiandika hilo kwenye fomu ya tathmini na nalirudia hapa.

Mengine kwa kifupi. Tovuti ni nyepesi hata kwa simu ya kawaida. Rekodi hazina maandishi chini, jambo linalomnyima asiyesikia vizuri. Cheti kinakuja baada ya insha ya mwisho, na insha inasahihishwa kwa makini kweli, yangu ilirudi na maswali pembeni ambayo bado sijayajibu yote.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja ni ya yule mshiriki aliyezima kamera. Ukijiunga, usichukue toleo la kujisomea peke yako, chukua lenye vikao vya mubashara, maana bila mwenza wiki ya nne inabaki zoezi la mwandiko. Ruka picha za wiki ya tatu kama umefiwa karibuni. Na omba namba ya mwenza wako kabla ya kufungwa, kwa kuwa kozi ikiisha kundi linafutwa siku hiyohiyo. Mimi na Mchungaji tunapigiana simu kila Alhamisi jioni, kila mmoja na Kitabu chake mezani. Wiki hii zamu ya kuchagua andiko ni yake, na ameshanitumia ujumbe kwamba safari hii halirukwi.