Kadi za kupanga serikali: demokrasia si lazima iwe jamhuri

Mimi ni mwalimu wa uraia. Kwa miaka mingi, nikiulizwa tofauti ya demokrasia na jamhuri, nilikuwa najibu haraka kwamba demokrasia ni kura na jamhuri ni rais, halafu naendelea na mada nyingine huku moyo haujatulia. Ndiyo sababu nilinunua boksi hili la kadi. Mbele ya kadi nyingi kuna jina la dola, nyuma kuna maswali mawili: ukuu wa nchi unarithiwa? Wananchi wanaweza kuwaondoa watawala kwa kura?

Niliigawa meza pembe nne kufuatana na majibu ya maswali hayo mawili, wanafunzi wakaanza kupanga. Ufaransa haikuleta shida, ni jamhuri na ni demokrasia. Uingereza ilizua kelele, maana ina mfalme lakini serikali yake huondoka kwa kura, na mwishowe ikakaa pembe moja na Japani na Uswidi: demokrasia zisizo jamhuri. Venisi, mji-dola wa zamani huko Italia, ikaenda pembe iliyo kinyume, ya jamhuri zisizo demokrasia: ilikuwa jamhuri kwa karne nyingi hadi 1797, lakini mkuu wake alichaguliwa na koo chache za kitajiri. Aliyeshika Korea Kaskazini ndiye aliyekwama. Jina rasmi la nchi lina maneno yote mawili, na uongozi umetoka kwa babu, ukaenda kwa mwana, sasa uko kwa mjukuu. Tulibishana juu ya kadi hiyo mpaka kipindi kikaisha, na hakuna siku niliyofurahia darasa kuliko hiyo.

Lakini kadi ninayoipenda kuliko zote ni ya Barbados. Novemba 30, 2021 nchi ile ilimwondoa Malkia Elizabeth wa Pili kwenye ukuu wa nchi, na mahali pake akaapishwa rais. Bunge lilikuwa lilelile, wapiga kura walewale, waziri mkuu yuleyule. Ilikuwa demokrasia jana yake na ikabaki demokrasia. Kilichoongezeka ni jamhuri. Mwanafunzi akiihamisha kadi hiyo kwa mkono wake kutoka pembe moja hadi nyingine, hahitaji maelezo yangu.

Kasoro ipo, na si ndogo. Kadi ya James Madison, mmoja wa waasisi wa katiba ya Marekani, inasema jamhuri ni utawala wa wawakilishi, basi. Hivyo ndivyo alivyoandika mwaka 1787, akiitofautisha na demokrasia ya wananchi kukutana na kuamua wenyewe, kama Athene ya kale. Bila maelezo hayo, wanafunzi wawili waliirudisha Uingereza kwenye jamhuri kwa kuwa ina wabunge. Nimeandika mwaka huo kwa kalamu pembeni ya kadi.

Pia hakuna kadi inayogusa maneno yenyewe. Neno letu jamhuri linatokana na Kiarabu jumhur, umati wa watu. Demokrasia ni Kigiriki, nguvu ya umma. Maana zinakaribiana mno, na nadhani mkanganyiko wa darasani kwangu unaanzia hapo.

Karatasi ni ngumu, haijachakaa. Maandishi ya nyuma ni madogo kwa walio mbali na meza, kwa hiyo nimeagiza boksi la pili.