Nililipia ulinganisho wa hisa, nikaletewa mota na mkono kwenye mizani moja

Hasira haijaniisha. Nilikuwa na hisa za Hutchinson Technology ya hapa Minnesota, kabla kampuni ya Japani ya TDK haijainunua mwaka 2016, na nilitaka kujua nizishike au niuze. Nikamlipa dalali mmoja, kijana wa kwetu, anilinganishie kampuni hiyo na wanaoshindana nayo kwenye vipuri vya diski za kompyuta.

Ripoti ikaja na michoro ya rangi. Kufungua tu, Hutchinson imepangwa bega kwa bega na Nidec! Nidec hutengeneza mota inayozungusha diski. Hutchinson ilitengeneza ule mkono mwembamba wa chuma unaoshika kichwa cha kusomea. Kila diski inavihitaji vyote viwili. Ushindani uko wapi hapo? Angeniambia kwamba mafuriko ya Thailand ya 2011 yaliingia kwenye viwanda vya kampuni zote mbili, ningeelewa kwa nini ziko ukurasa mmoja. Hakugusia.

Washindani wenyewe walikuwa NHK Spring ya Japani na hiyo hiyo TDK. TDK ilikuwa mteja wa Hutchinson, na papo hapo ilikuwa imeshainunua Magnecomp, inayotengeneza mikono ya aina ile ile. Mteja wako mkubwa ana kiwanda chake cha bidhaa yako! Na mwisho wa mnyororo wa biashara hii, kama wanunuzi, wamebaki watengenezaji wa diski watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi, na kwenye ripoti sikulikuta hata mstari mmoja.

Nikampigia simu. Akacheka. "Mama, hayo ya ufundi tuachie sisi. Wewe endelea na kazi yako ya hospitali."

Mimi, niliyezinunua hisa zile kwa pesa za zamu za usiku!

Nimtendee haki: kununua na kuuza kwake hakuna shida, agizo likitoka linapita siku hiyo hiyo, na ada si kubwa. Nilikaa chini niandike nyota tatu. Labda atamfaa mtu asiyehitaji ushauri. Lakini ada ya ushauri alichukua, tena mapema, kabla sijaona hata ukurasa mmoja. Basi nyota tatu za nini? Nampa moja, na pesa ya ripoti ile nataka anirudishie.