Daktari wa mifugo wa kuja nyumbani, Goba: anapima kinyesi kwanza

Huku Goba, sisi wenye ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba, ndama akiharisha dawa ni ile ile: unakimbilia duka la pembejeo, unarudi na OTC, ile sindano ya antibayotiki, unamchoma. Huyu dokta hakuchoma kitu. Ndama wangu jike alikuwa wiki ya pili tangu azaliwe, macho yameingia ndani, mkia umegandana na kinyesi cha njano ya bizari. Dokta akavaa glavu, akatoa kinyesi palepale nyuma ya ndama, akakitia kwenye kikopo, akaondoka nacho.

Jioni akanirushia WhatsApp picha ya hadubini: vidoa vyekundu vya mviringo kwenye uwanja wa kijani. "Kriptosporidia hao, mama, vijidudu vya utumbo. OTC haiwagusi." Hela ya sindano ikanunua chumvi za maji, na maziwa akanikataza kumkatia. Nililipa 40,000 na kipimo ndani yake, halafu nauli ya bodaboda ikazuka mwishoni bila kutajwa kwenye simu. Hilo sikulipenda. Ndama yuko hai, ananyonya mpaka anamsukuma mama yake.

Ila ukitaka kujua ni kriptosporidia wa aina gani, hapo huduma inaishia. Cryptosporidium parvum ndiyo inayoharisha ndama wachanga na kuhamia kwa watu, C. bovis iko kwa ng'ombe, na mara nyingi ndama anayo wala haharishi. Kwenye hadubini hizo mbili ni pacha, huzitenganishi mpaka upime vinasaba. Na parvum yenyewe ina koo zake, zinasomwa kwenye jeni iitwayo gp60: IIa na IId hukutwa kwa ndama na kwa watu, IIc ni ya watu zaidi. Mimi nina mjukuu anayeshinda bandani, kwa hiyo kwangu si maswali ya chuoni. Dokta alinijibu bila kuzunguka: kwa umri ule wa ndama, chukulia ni parvum, mtoto asikanyage humo, na klorini usijisumbue nayo, haiwaui. Maji yanayochemka, kisha sakafu ikauke kabisa.

Mkimpigia, pigeni asubuhi, mchana hapokei. Na kama mna mtu wa kuwapimia vinasaba kwingine, mwambieni dokta mapema asitie fomalini kwenye kikopo, inaviharibu.