Benki iliendelea kumkata marehemu kaka yangu mkopo: tulivyorudishiwa fedha zake

Jina la benki naliacha. Ninachotaka msomaji akijue ni namna kosa lenyewe linavyotokea, kwa sababu linaweza kumkuta yeyote aliyefiwa na mtu mwenye mkopo.

Kaka yangu alifariki akiwa na vitu viwili katika benki moja: akaunti ya akiba iliyokuwa ikipokea mshahara wake, na mkopo aliokuwa bado anaulipa. Baada ya maziko, mimi na wifi yangu tulipeleka tawini barua ya taarifa ya kifo pamoja na nakala ya cheti cha kifo. Nilimwomba karani agonge muhuri kwenye nakala yetu pia. Akasita, akasema barua ikishaingia kwenye faili inatosha. Nikamwambia naomba tu anisaidie. Akagonga. Muhuri ulitoka umepinda na wino umefifia upande mmoja, lakini neno IMEPOKELEWA na tarehe vinasomeka. Bila karatasi ile, mengine yote ninayoyaeleza hapa yangekuwa neno letu dhidi ya neno lao.

Akaunti ikazuiwa siku ileile. Kwa hilo siilaumu benki. Mtu akifariki, idhini alizotoa zinaisha naye: kadi yake, namba yake ya siri, hata uwakilishi aliompa mtu mwingine kisheria akiwa hai. Anayetumia kadi ya marehemu, hata kama ni kwa gharama za msiba, anajiweka pabaya mbele ya warithi wenzake. Wifi aliomba apewe angalau ada ya watoto, akaambiwa asubiri hati ya usimamizi wa mirathi. Ilimuuma sana, nami nilikuwa naye pale dirishani nikaona alivyokunja ile barua na kuirudisha kwenye mkoba bila kusema neno. Lakini kanuni hiyo inawalinda watoto haohao, maana leo anakuja mjane, kesho anakuja mtu mwingine kabisa na maelezo yake.

Mahakama ikaniteua msimamizi. Nikarudi benki na kuomba taarifa ya akaunti kuanzia miezi kadhaa kabla ya kifo hadi siku ile niliyosimama pale. Hapa nasisitiza: usikubali kuambiwa salio tu. Salio ni namba moja, halikwambii fedha zilitokaje. Taarifa kamili ndiyo inayosema.

Na ilisema. Tarehe 28 ya kila mwezi palikuwa na mstari uleule, rejesho la mkopo, kiasi kilekile, na chini yake ada ya kuendesha akaunti. Mwezi wa kifo upo. Mwezi uliofuata upo. Ikaendelea hivyo hadi akaunti ikakauka, huku muhuri wao wa kupokea taarifa ya kifo ukiwa na tarehe iliyotangulia karibu makato hayo yote. Mjane alinyimwa ada ya watoto kwenye akaunti ambayo benki yenyewe ilikuwa inachota kila mwezi.

Ofisa niliyemuuliza alijibu, "Dada, mfumo unakata wenyewe." Nilimwelewa, ila sikukubaliana naye. Mfumo unafuata maagizo, na aliyetakiwa kubadilisha maagizo alikuwa ameshapewa cheti cha kifo. Baadaye nilielezwa vizuri zaidi kilichotokea: upande wa akaunti za wateja uliweka alama ya kifo, upande wa mikopo haukuambiwa. Kwa watu wa mikopo, kaka yangu alikuwa bado hai, na akaunti ilipokauka akawa mdaiwa sugu. Adhabu za kuchelewa zikaanza kurundikana. Kisha ujumbe wa kudai ukaanza kuingia kwenye simu ya wifi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdhamini. "Mteja wako amechelewa kulipa, tafadhali mkumbushe." Mwanamke yuko eda, anaambiwa amkumbushe marehemu mumewe alipe deni. Hilo sijalisamehe, na nimewaandikia hivyo.

Sasa niseme jambo ambalo familia nyingi hazilifahamu. Kwa kawaida benki inaweza kuwa na haki, kwa mujibu wa mkataba, ya kujilipa deni kutoka kwenye akaunti ya mkopaji. Ningebishana juu ya makato peke yake, huenda ningeshindwa. Tulichosimamia ni bima ya mkopo. Mikopo mingi ya watu binafsi hukatiwa bima ya maisha ya mkopaji, na ada yake hukatwa mwanzoni fedha zinapotolewa au huingizwa ndani ya marejesho. Mkopaji akifariki, bima hulipa deni lililobaki, kwa masharti yaliyomo kwenye hati yake. Anayelipwa ni benki, si familia, na ndiyo maana familia haisikii habari yake kama hakuna anayeuliza.

Nilipekua makaratasi ya kaka hadi nikapata barua ya ofa ya mkopo. Ukurasa wa pili, kwenye orodha ya makato ya awali, ada ya bima ilikuwepo. Alishailipa. Nikarudi mikopo, nikaambiwa hakuna dai lililopelekwa kwa kampuni ya bima kwa kuwa "familia haikuleta taarifa" na kwamba muda wa kudai ulikuwa umepita. Nikaweka mezani nakala yenye muhuri. Ofisa aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena, kisha akaenda kumwita meneja.

Tawini hatukufika mbali zaidi ya hapo. Kila mtu alikuwa na huruma na hakuna aliyekuwa na mamlaka. Kama unapitia jambo hili, usimalize nguvu zako kwa kusimulia msiba wako upya kwa kila ofisa mpya. Andika. Barua yangu kwa kitengo cha malalamiko makao makuu ilikuwa ya ukurasa mmoja: tarehe ya kifo, tarehe ya muhuri, tarehe na kiasi cha kila kato, na ninachodai. Nilidai bima ifuatiliwe na benki yenyewe kwa gharama yake, deni lihesabiwe kama lilivyokuwa siku ya kifo, na kila kilichokatwa baada ya hapo kirudi kwenye mirathi. Nikaomba namba ya kumbukumbu ya lalamiko na jibu la maandishi, nikaeleza kwamba nisiporidhika nitapeleka suala kwa mamlaka inayosimamia mabenki. Mamlaka hizo kwa kawaida hutaka kuona kwanza kwamba benki yenyewe ilipewa nafasi ya kujibu, kwa hiyo barua hiyo haipotei bure hata ikipuuzwa.

Haikupuuzwa. Kitengo cha malalamiko nakisifu bila kinyongo: dada mmoja alilishika faili, akapiga simu aliposema atapiga, na alipokuwa hana jipya alisema hana jipya. Bima ililipa. Benki ikaandika barua ya kukiri kosa na kurudisha marejesho.

Lakini hesabu ya kwanza waliyotuletea ilikuwa pungufu. Walirudisha marejesho matupu. Ada za kila mwezi za akaunti waliyoizuia wenyewe hazikuwemo, wala riba ambayo akiba ile ingepata kama isingeguswa. Adhabu za kuchelewa nazo zilikuwa zimefutwa nusunusu. Niliwarudishia karatasi yao na mistari iliyokosekana nimeipigia alama, wakarekebisha. Angalia pia fedha zinarudi wapi. Wao walitaka kuziingiza kwenye akaunti ya zamani ya kaka, iliyozuiwa, tuanze upya kuomba kuifungua. Nilisisitiza ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya mirathi.

Nyongeza ndogo kwa wenye marehemu mstaafu: pensheni iliyoingia baada ya kifo usiihesabu kama urithi kabla ya kuuliza mfuko wake, kwani inaweza kudaiwa irudishwe.

Tulichochukua mwisho ni barua ya kumalizika kwa mkopo, barua ya kumwachia wifi udhamini, na uthibitisho kwamba kumbukumbu za ukopaji, zile ambazo wakopeshaji huangalia nani analipa na nani halipi, zimesahihishwa, kwa sababu jina la kaka lilikuwa limeshapelekwa huko kama mtu asiyelipa. Hiyo ya tatu walitaka tuichukulie kwa mdomo. Nilikataa hadi ikaandikwa.

Fedha zimeshagawiwa kwa warithi. Akaunti yangu bado iko benki hiyo, kwa kuwa kitengo kile kilinionyesha kwamba kuna watu wanaofanya kazi yao. Ya wifi tumeihamisha, na aliyefunga alikuwa ofisa yuleyule wa mfumo unaokata wenyewe. Safari hii aliomba radhi, akagonga muhuri kwenye nakala bila kuombwa.