Uzoefu wangu na Star Wars Rebels: itazame kwa ajili ya Sabine Wren

Nimeitazama Star Wars Rebels mpaka mwisho, misimu yote 4, na kama kuna mtu anasita kwa sababu ni katuni, namwambia aitazame kwa ajili ya Sabine Wren. Wahusika wengine ni wazuri, lakini huyu binti ndiye aliyenikesha mpaka saa nane usiku ilhali asubuhi nina kazi. Nitaeleza yanayotokea hadi mwisho, kwa hiyo asiyetaka kujua mapema akatazame kwanza.

Mfululizo ulianza kuonyeshwa 2014 ukaisha 2018, na kila kipindi ni kama dakika 22. Unahusu kikosi kidogo cha waasi kinachoishi ndani ya chombo cha angani kiitwacho Ghost na kupigana na Dola, utawala wa kimabavu ulioishika galaksi, kuanzia sayari ya Lothal. Rubani ni Hera, Kanan ni Jedi, yaani mpiganaji wa upanga wa mwanga mwenye nguvu za ajabu, aliyekuwa mafichoni, na Ezra, kijana wa mtaani, ndiye mhusika mkuu. Sabine tunakutana naye ana miaka 16. Anatoka Mandalore, kwa watu wa vita ambao vazi lao la chuma ni urithi na heshima ya ukoo. Kazi yake kikosini ni mabomu.

Mabomu na rangi, kwa kweli. Vazi lake analipaka upya, nywele anazibadilisha rangi kila msimu, na kuta za chumba chake ndani ya Ghost zimejaa michoro. Ezra na mwenzake Zeb walipoiba ndege ya kivita ya Dola, Sabine aliipaka rangi kali mpaka ikawa haifanani na kitu chochote cha Dola. Nilipenda kwamba jambo hili halikuwekwa kama pambo la kumfanya apendeze. Dola kila kitu chake ni kijivu, cheupe na cheusi, askari wake hawatofautiani sura, na hapo anatokea msichana anaacha mchoro wake wa ndege mwenye mabawa ya moto kila anapopita. Ndege huyo ndiye anayekuja kuzaa nembo ya waasi tunayoiona kwenye filamu za zamani. Na baba yake, Alrich, ni msanii, jambo ambalo waandishi wanalichelewesha sana kutuonyesha.

Sasa malalamiko yangu. Msimu wa kwanza unamfanya Sabine msindikizaji tu. Analipua, anatoa kauli moja ya kuchangamsha, anarudi nyuma, na hadithi inamwendea Ezra. Msimu wa pili unatuletea Ketsu Onyo, rafiki aliyetoroka naye chuo cha kijeshi cha Dola, na hapo tunaanza kunusa kwamba kuna jambo analificha. Kutazama kunahitaji subira. Subira hiyo inalipwa.

Inalipwa kwenye kipindi kiitwacho Trials of the Darksaber, msimu wa tatu, kilichotoka Januari 2017. Sabine amepata Darksaber, upanga mweusi ambao anayeushika anaweza kuwaunganisha watu wa Mandalore. Kanan, ambaye wakati huo ameshapofuka macho, anapewa kazi ya kumfundisha. Anamwanzisha na fimbo. Sabine anaona anadharauliwa, anachukia, anaondoka, anarudi. Mwishowe Kanan anampa upanga wenyewe na kuanza kumbana kwa maneno huku wanapigana, mpaka yote yaliyokuwa kifuani yanamtoka: alipokuwa chuoni aliitengenezea Dola silaha, na silaha hiyo ikaelekezwa kwa watu wake mwenyewe. Alipoikana na kukimbia, familia yake haikusimama naye. Ilichagua Dola. Anayasema yote hayo huku anashambulia, sauti inapasuka kidogo kidogo, na kila pigo linakuwa zito kuliko lililotangulia. Tiya Sircar, aliyemtolea sauti, hapa alifanya kazi ya kuheshimiwa. Niliirudia sehemu hiyo papo hapo.

Baada ya hapo anakwenda kwao Krownest, kwa mama yake, Ursa. Nilitarajia kukumbatiana na machozi. Ursa anampokea kwa ubaridi unaoumiza, na mapenzi yake yanajitokeza kwa risasi: Gar Saxon, mtu wa Dola, ameshindwa na Sabine na kuachiwa uhai wake, anataka kumpiga kwa nyuma, na mama ndiye anayemwahi. Katika familia ya namna ile, huo ndio msamaha.

Msimu wa nne unaanza na silaha ile ikiwa imekamilika. Inamuunguza mtu ndani ya vazi lake la chuma, likabaki vazi na majivu. Nilikuwa nikitazama na mtoto wa kaka yangu, akaniuliza, "Shangazi, kwani si yeye aliyeitengeneza?"

"Ndiye yeye, mama. Ndiyo maana unamwona hana raha."

"Basi si aivunje!"

Lakini Sabine kwanza anaigeuza iwaunguze askari wa Dola, na kwa muda anafurahia kuwaona wakiteseka. Bo-Katan Kryze, mpiganaji mwenzake wa Mandalore, anamsihi aache. Ndipo anaichoma kwa Darksaber, na baadaye upanga huo anamkabidhi Bo-Katan mwenyewe. Shujaa wa katuni kuonyeshwa akitamani kisasi kiasi kile, halafu akatoa madaraka aliyokuwa nayo mkononi, si jambo nililolizoea.

Kwa watoto, kipindi hicho cha silaha ningesema kuanzia miaka 9 hivi, na mtu mzima awepo karibu.

Tamthilia ya Ahsoka ya 2023, yenye waigizaji halisi, inaendeleza hadithi ya Sabine, na Natasha Liu Bordizzo anamwigiza vizuri: ukaidi upo, upweke upo. Ila anachomwa upanga wa mwanga tumboni kipindi cha kwanza na anapona haraka mno, hilo lilinikera. Pia ukiianza bila kutazama Rebels hutaelewa kwa nini yuko radhi kumpa adui ramani ili tu amfikie Ezra, aliyetoweka mwishoni mwa Rebels. Anza na Rebels, na usiache kabla ya msimu wa tatu.