PhET katika darasa la Fizikia lenye wanafunzi 58: uzoefu wangu

Nafundisha Fizikia Kidato cha Pili katika shule ya kata mkoani Pwani. Ammita, yaani vipima mkondo wa umeme, tunazo mbili, na moja mshale wake umeganda kwenye sifuri tangu nihamie hapa. Kwa hiyo kila nilipofika mada ya umeme nilikuwa nachora ubaoni betri, swichi na balbu, nawaambia wanafunzi "mkondo unapita hivi," nao wanaandika kwamba unapita hivi. Kukariri wanakariri vizuri. Waulize kwa nini, kimya.

Mwaka jana mwalimu mwenzangu aliniwekea kwenye flashi faili moja la PhET, akaniambia nilifungue kwa kivinjari hiki hiki cha kawaida. Nilianza kulichezea baada ya kula chakula cha usiku, nikaja kushtuka saa sita imepita.

PhET ni mkusanyiko wa simulesheni, yaani majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, za sayansi na hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Aliyeuanzisha, mwaka 2002, ni Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Kuzitumia ni bure. Kwa mwalimu wa shule kama yangu, kubwa zaidi ni hili: unapakua simulesheni unayoitaka kama faili moja dogo, na ukishalipata huhitaji bando tena. Linahama kwa flashi, linahama kutoka simu hadi simu. Nimelifungua kwenye kompyuta mpakato ya ofisi ya taaluma na kwenye simu yangu, kote limekubali. Zimo pia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

Niliyoanza nayo inaitwa Circuit Construction Kit: DC. Pembeni kuna kikasha chenye waya, betri, balbu, rezista na swichi. Unavuta kifaa unachokitaka, unaunga ncha kwa ncha. Mzunguko ukikamilika, elektroni zinaonekana kama vidoa vya bluu vinavyotembea ndani ya waya, na balbu inawaka. Na ukitoa waya ncha moja ya betri ukaupeleka moja kwa moja ncha ya pili, betri inashika moto pale kwenye kioo.

Moto huo ndio ulioliamsha darasa langu. Siku ya kwanza nilimwita mbele kijana anayekaa dawati la nyuma kabisa, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono tangu muhula uanze. Akaunga vibaya, moto ukawaka ukutani, pale projekta ilipokuwa inaonyesha, mbele ya wenzake wote. "Madam, imepiga shoti!" Neno shoti wanalo tangu nyumbani, wanalisikia kila fundi umeme anapokuja. Ila hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba shoti ni elektroni zilizopata njia isiyo na ukinzani, yaani isiyo na kitu cha kuzizuia, zikakimbia zote kwa mara moja. Sasa walikuwa wanaziona zinavyokimbia. Kijana alinigeukia akitaka kurudi kwenye dawati lake, nikamwambia endelea, tafuta kosa. Akaweka balbu katikati ya ule waya, moto ukazimika, vidoa vikapunguza mwendo, taa ikawaka. Akaunguza tena, safari hii kwa makusudi, kuhakikisha. Kwa betri halisi ningemshika mkono mapema, kwa sababu betri za somo nanunua kwa hela yangu. Hapo kwenye kioo alikosea mara tatu na hakuharibu kitu.

Lakini ukiwaacha waangalie tu, somo linageuka sinema. Ndiyo maana siku hizi swichi haifungwi kabla kila mmoja hajasema anachokitegemea. Natumia Plickers. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na Plickers haihitaji wawe nazo: kila mmoja ana karatasi yenye mchoro mweusi wa peke yake, na upande anaouelekeza juu ndio jibu lake, A, B, C au D. Mimi napitisha kamera ya simu yangu darasani, simu inasoma karatasi moja moja na kuhesabu. Michoro inatofautiana, kwa hiyo kutazama karatasi ya jirani hakusaidii. Seti kubwa ina kadi 63, darasa langu linaenea. Hii inataka intaneti, kwa hiyo siku ya kura lazima niwe na bando. Inataka na mwanga. Projekta nayo inataka giza, na madirisha yetu hayana mapazia, tunatundika kanga. Kwa hiyo kuna mwanafunzi wa dirishani ambaye kazi yake ni kanga tu: fungua tupige kura, funga tuone.

Swali nililolipenda kuliko yote ni hili. Betri moja, balbu mbili zinazofanana, zimeungwa mfululizo, moja baada ya nyingine kwenye njia moja. Ipi itawaka zaidi? Zaidi ya nusu ya darasa walichagua ile iliyo karibu na ncha chanya. Niliomba sababu, msichana mmoja akajibu kwa niaba ya wote: "Ya kwanza inakula umeme kwanza, ya pili inapata mabaki." Nimefundisha miaka tisa na sikuwahi kujua kwamba hicho ndicho kilichokuwa vichwani mwao wakati wananakili mchoro wangu. Tukafunga swichi. Balbu zikawaka sawa. Betri ilikuwa ya volti 9, kila balbu ina ukinzani wa omu 10. Tukaweka ammita kabla ya balbu ya kwanza: ampia 0.45. Katikati ya balbu mbili: 0.45. Baada ya ya pili: 0.45. Yule msichana akaja mbele mwenyewe, akaisogeza ammita sehemu ya nne, akasoma, akarudi kukaa bila kusema neno.

Wiki iliyofuata nilileta betri za tochi na balbu mbili ndogo nilizotoa kwenye tochi mbovu. Tukaunga vile vile. Moja ikawaka vizuri, ya pili ikafifia. Kelele zilizotokea zilisikika ofisini! Waliokuwa wamechagua ya kwanza walisimama kwenye madawati: si unaona, madam, mabaki! Mimi nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza. Yule yule msichana wa mabaki ndiye aliyesema tuzibadilishie nafasi. Tukazibadilisha. Iliyofifia ikaendelea kufifia, ingawa sasa ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Basi tatizo halikuwa nafasi, ilikuwa balbu yenyewe. Zile mbili hazikufanana ukinzani. Simulesheni peke yake isingetufikisha pale, maana balbu zake zimepangwa zifanane. Na balbu za tochi zingetangulia, zingewathibitishia uongo. Kwa hiyo kwa anayetaka kujaribu: anza na kioo, halafu shika waya wa kweli, na usiruke hiyo hatua ya pili.

Mwalimu wa Kemia aliazima kompyuta akajaribu Balancing Chemical Equations, ambayo ina mchezo wa pointi ndani yake. Vijana waliupenda kupita kiasi. Tulipokaa nyuma yao tukagundua wengi wanapandisha namba tu hadi mlinganyo ukubali. Akabadilisha utaratibu: kwanza unahesabu atomi kwenye daftari, mwenzako anahakiki, ndipo unagusa kompyuta. Pointi zilipungua, daftari zikanyooka.

Umeme ulikatika katikati ya kipindi mara mbili. Mara ya kwanza nilirudi kwenye chaki kwa huzuni. Mara ya pili faili lilikuwa kwenye simu yangu na za walimu wawili, tukagawana vikundi. Watu ishirini kwa simu moja ni wengi, wa pembeni hawaoni kitu, lakini kipindi hakikufa.

Mwezi uliopita yule kijana wa dawati la nyuma aliniomba faili nimwekee kaka yake, ambaye ni fundi umeme wa majumbani. Nikampa. Jumatatu akaja na swali, na safari hii alinyoosha mkono: kama mkondo wa mfululizo ni mmoja kote, mbona chumbani taa ikiungua ya sebuleni haizimiki? Nikamkabidhi kompyuta. Aliunga balbu mbili mfululizo, akatoa moja, zote zikazima. Akakaa kidogo, akavuta waya wa pili kutoka kwenye betri, akaipa kila balbu njia yake. Akatoa moja. Nyingine ikabaki inawaka. Neno "sambamba" niliandika ubaoni baada ya hapo.